Mida si Tupu Mwezi wa Juni

Mazungumzo ya leo yanahusu ndege wa Mida, lile hori lililo jirani na Watamu katika kaunti ya Kilifi, pamoja na wenzao wa mlango wa mto Sabaki, kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Kuna kauli inayosemwa sana juu ya sehemu kama hizi, hasa na mgeni aliyepita mara moja: hapa hakuna kitu, ni tope tu. Nataka kuipinga kauli hiyo kwa ushahidi, wala si kwa mapenzi ya ndege peke yake, ingawa mapenzi hayo ninayo na siyafichi. Dai langu ni kwamba tope la Mida halina hali moja. Lina hali nyingi zinazopokezana kwa saa, kwa mwezi mwandamo na kwa pepo za kaskazi na kusi, na kila hali ina ndege wake. Anayelitazama siku mbili tatu kisha akaandika kwamba ndege ni wachache ni kama mtu aliyepita uwanja wa gulio siku isiyo ya gulio, akatangaza kwamba biashara imekufa. Kwa hiyo uamuzi wowote wa kujenga, kufukia au kugawa ufuo wa namna hii, kama haukutanguliwa na hesabu ya mwaka mzima, haustahili kuitwa wa kitaalamu, hata ukipigwa mihuri mingapi.

Tuanze na saa, maana makosa mengi huanzia hapo. Mida ina mlango mwembamba wa kuingilia bahari, imezungukwa na mikoko, na ndani yake kuna mawanda ya tope na mchanga ambayo maji yakijaa hufunikwa karibu yote. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana asubuhi na kujaa alasiri, na kwamba maji mafu yakifika saa hizo hubadilika na tofauti baina ya kupwa na kujaa hupungua. Katika pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Sasa mchukue mpimaji aliyesafiri kutwa, akafika ufuoni saa kumi jioni siku ya bamvua. Ataona maji matupu mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Ndege waliokuwa wakila pale asubuhi watakuwa wamesongamana kwenye vichanga vichache vilivyoinuka, kichwa kimefichwa kwenye manyoya, wakingoja. Vichanga hivyo, ambavyo jicho la haraka huviona kuwa vipande vya ardhi visivyo na kazi, ndiyo mapumziko yao pekee. Ndege akifukuzwa hapo hubaki angani, na kila dakika ya kuruka humla nguvu alizozitafuta kwenye tope tangu alfajiri. Mpimaji wetu hatajua hayo. Ataandika kwamba ameona maji.

Baada ya saa, pepo. Kuanzia Agosti hadi Aprili hori hili huwa na wageni kutoka mbali sana, na miezi ya kaskazi ndiyo kilele chao. Wapo wale ndege wadogo wenye kichwa cha mviringo na macho makubwa, wanaokimbia hatua chache, wakasimama ghafula, wakadonoa, wakakimbia tena. Hao hutaga mayai katika nyanda za Asia ya Kati, na jamii yao mmoja hupanda mpaka kwenye milima mirefu ya upande wa Tibet. Yupo kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, anayewafukuza kaa kwa mbio za upande upande, ambaye kwao ni misitu na mito ya Urusi. Wapo masululu wenye mdomo mrefu uliopinda chini, na furukombe anayejitupa majini kwa miguu kuvua samaki. Jioni huja makundi ya keremkerem wekundu kulala kwenye mikoko, baada ya kutwa nzima ya kukamata nyuki na panzi huko bara. Mtu akija Januari na maji yakiwa yamepwa, hatahitaji kushawishiwa na mtu yeyote kwamba mahali hapa pana uhai.

Lakini ndani ya msimu huo huo wa wageni kuna mambo ambayo Januari peke yake haiyasemi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo ubishi wangu unapopata mizizi. Mtazame kitwitwi mmoja mdogo mwenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea kwa jina la kitaalamu. Hutaga kwenye tambarare za barafu za Siberia, hasa rasi ya Taimyr, katika kiangazi kifupi cha huko. Dume hashiriki kuatamia. Jike akishakaa kwenye mayai, dume huanza safari ya kusini, naye jike hufuata baadaye. Kwa hiyo wa kwanza kutua kwetu, mwezi wa Agosti, ni wakubwa, na wengine bado wana manyoya mekundu ya msimu wa kuzaa yaliyoanza kupauka. Vijana wa mwaka huo hufika baadaye, Septemba na Oktoba, nao husafiri bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Kufikia Januari wote wamekuwa wa rangi ya kijivu, na mtu asiye na ujuzi hatofautishi mkubwa na mdogo. Anayehesabu Agosti, Oktoba na Januari anajua ni wangapi waliorudi na ni vijana wangapi waliopatikana. Anayehesabu Januari tu ana jumla, basi.

Na habari ya vijana si jambo dogo. Huko Siberia kuna panya wadogo wa nchi za baridi waitwao lemingi, ambao idadi yao hupanda sana na kuporomoka kwa mzunguko wa miaka michache. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa barafuni hushiba hao na vifaranga wa kitwitwi husalimika. Wakipungua, mbweha huyageukia mayai na vifaranga, na mwaka huo hakuna kinachobaki. Watafiti waliolinganisha miaka ya lemingi na idadi ya vijana wanaofika kusini waliona kwamba mambo hayo mawili huenda pamoja. Maana yake ni kwamba mwaka mmoja Mida inaweza kuwa na vijana wengi na mwaka unaofuata isiwe nao kabisa, bila mvuvi wala mjenzi wa huku kuwa amefanya lolote. Mtu aliyehesabu mara moja katika mwaka mbaya ataapa kwamba hori limekufa. Aliyehesabu katika mwaka mzuri ataapa kwamba halina shida. Wote wawili watakuwa na takwimu mkononi, na wote wawili watakuwa wamekosea.

Aliye na habari tamu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni yule ndege mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mla kaa, ambaye jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000. Wanazaa katika visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba na Oman, kuanzia Aprili hadi Agosti hivi. Huchimba shimo mchangani, wakaingia ndani, wakataga yai moja jeupe, na joto la mchanga huwasaidia kuliatamia. Hakuna ndege mwingine wa jamii hii ya vitwitwi anayezaa hivyo. Kisha hushuka pwani ya Afrika Mashariki mpaka Madagaska, na Mida ni mojawapo ya vituo vyake vikubwa Kenya. Njia hiyo ya Oman na pwani yetu ndiyo waliyoipita mababu kwa majahazi, wakishuka na kaskazi na kurejea na kusi. Linalonigusa zaidi ni kwamba mzazi husafiri na mtoto wake, na hata miezi mingi baada ya kufika huku kijana huonekana akilialia nyuma ya mkubwa, naye mkubwa akimpa kaa. Ufuo wa Mida, kwa ndege huyu, ni sehemu ya malezi. Ukiuvuruga Novemba umemfikia kinda ambaye bado hajaweza kujilisha vizuri, na hasara hiyo huwezi kuiona kwa kuhesabu vichwa siku moja.

Sasa tuje kwenye kusi, maana hapo ndipo kauli ya tope tupu hupata nguvu. Ni kweli kwamba Mei hadi Julai wageni wengi wa kaskazini wameondoka. Machi na Aprili walikula kwa pupa, wakanenepa, wengine wakageuka wekundu kabla ya kuruka, wakaenda. Aliyekuwa akiona maelfu sasa anaona mamia. Lakini hao mamia ni akina nani? Kwa sehemu kubwa ni wale waliozaliwa mwaka uliopita. Vitwitwi wa aina nyingi hawarudi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza. Hubaki kusini wakikua mpaka msimu unaofuata. Waliopo Mida mwezi wa Juni, basi, ndio wazazi wa kesho. Sijui kwa nini tuwaone hawahesabiki kwa sababu tu ni wachache.

Tena wapo wanaokuja wakati huo huo wa kusi, na wasiokuwapo Januari. Mlangoni mwa Mida kuna kisiwa kidogo cha mawe, Whale Island, ambako buabua huzaa kati ya Juni na Septemba hivi, wakiwemo wale weupe ambao kifua chao huingia rangi ya waridi msimu wa kuzaa. Hutaga juu ya mwamba mtupu. Mtu akishuka kisiwani kwa dakika chache tu, wazazi wote huruka, jua likapiga mayai, na kunguru au shakwe wakapata nafasi. Na kule Sabaki, ambako mto uliotoka nyanda za juu kwa jina la Athi, ukaitwa Galana njiani, unafika baharini ukiwa mwekundu kwa udongo, hutua ndege wa Madagaska aitwaye Glareola ocularis, mwenye mabawa marefu na mkia uliochanuka, anayekamata wadudu akiwa hewani. Huzaa kwao, kisha huvuka bahari na kukaa pwani hii kuanzia Aprili hadi Septemba, na mlango wa Sabaki ni mojawapo ya sehemu maarufu ulimwenguni za kumwona akiwa katika makundi makubwa. Anayepima Sabaki kwa ziara ya Januari hatamwandika kabisa. Atatoa orodha ndefu, safi, yenye makosa makubwa kwa sababu ya aliyekosekana.

Mtaniuliza, mbona dunia nzima huhesabu Januari? Ni swali la haki. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967, hufanyika katikati ya Januari, na ina sababu nzuri: wakati huo ndege wametulia mahali pamoja, kwa hiyo hatari ya kumhesabu mmoja mara mbili katika nchi mbili ni ndogo. Nami sisemi iachwe. Lakini hesabu hiyo ilikusudiwa kutuambia hali ya ndege duniani, haikukusudiwa kutuambia thamani ya hori moja. Waandalizi wake wenyewe wanalifahamu hilo, ndiyo maana mpango wa Afrika, ulioanza mwaka 1991, uliongeza hesabu ya Julai. Na Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Kenya imekuwamo tangu 1990, una vipimo viwili vinavyohusu idadi: ardhioevu hutambuliwa kuwa ya umuhimu wa kimataifa ikiwa kwa kawaida hubeba ndege wa maji 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya ndege wote wa kundi fulani. Pigeni hesabu kwa yule mla kaa: asilimia 1 yake ni kati ya 600 na 800. Kundi la kiasi hicho linaweza kulala mchana kutwa kwenye kichanga kimoja. Kumbukeni pia kwamba ufuo wa kupita njia una wanaoingia na wanaotoka. Ukiona ndege 2,000 Septemba na 2,000 Oktoba, huenda si wale wale, na waliolishwa na tope hilo ni wengi kuliko namba yoyote utakayoiandika siku moja.

Upo upinzani mzito kuliko huo, nao husemwa na watu ninaowaheshimu. Husema: watu wa Kilifi wana shida za ajira, karo na maji, na wewe unataka mradi ungoje mwaka mzima kwa ajili ya vitwitwi? Siwezi kuujibu kwa kusema ndege ni wazuri. Najibu kwamba ndege hawali tope, wanakula kilichomo ndani yake: kaa, minyoo, kome wadogo, dagaa wa samaki na kamba. Ndivyo vitu vile vile vinavyomlisha mvuvi, kwa kuwa chambo huchimbwa hapo na samaki wengi wa mwambani hupitisha utoto wao katika mikoko. Kalenda ya ndege ni kalenda ya chakula cha hori. Miezi ambayo ndege hukusanyika kwa wingi inakuonyesha ni wapi na ni lini tope linazalisha, na hilo ni jambo ambalo mtu wa mradi mwenyewe anapaswa kulijua kabla hajamwaga zege. Kuhusu kungoja, ukuta au hoteli hukaa miaka 50. Miezi 12 ya kutazama kwanza si anasa. Halafu kuna kipato kinachotokana na ndege wenyewe: ile njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ya Mida hulipiwa na wageni, na fedha hizo zimekuwa zikisaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya karibu kupitia mpango wa A Rocha Kenya. Wageni hao hawaji kuangalia zege.

Wengine husema ndege wana mabawa, wakifungiwa hapa watahamia pengine. Hoja hii ina sura ya ukweli na ndiyo maana ni ya hatari. Ilijaribiwa Korea Kusini, katika ufuo wa Saemangeum, ambako ukuta wa bahari wa kilomita 33 ulikamilishwa Aprili 2006 na kukata maji kwenye mawanda makubwa ya tope. Kitwitwi mmoja mkubwa, Calidris tenuirostris, alikuwa akitua pale kwa makumi ya maelfu akiwa safarini baina ya Siberia na Australia. Waliomhesabu miaka iliyofuata katika fukwe nyingine za nchi hiyo hawakuona ongezeko la kufidia waliopotea, na kule Australia, anakomalizia safari, idadi yake ilishuka. Hawakuhamia. Kwingine kulikuwa kumeshajaa, au hakukuwa na chakula cha kuwatosha kunenepa kwa wakati. Nakubali kwamba mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, hupokea ndege wengi, hasa maji yakijaa, na hilo halifai kufichwa na mtu anayepigania mikoko. Lakini bwawa la chumvi huwa na maji mwenye bwawa akitaka, na hukauka akitaka. Haliwezi kushika nafasi ya hori linalojaa na kupwa lenyewe kila siku bila kumwomba mtu ruhusa.

Na anayesema kwamba ndege hawa watapungua hata hivyo, kwa sababu ya joto la Siberia na uharibifu wa Asia, amesema nusu ya jambo. Sisi hatumwamrishi mbweha wa Taimyr. Tunachokishika ni huku kwetu: vichanga vya kulala, tope la kulia, mwamba wa buabua, na maji ya Sabaki, ambayo yanaweza kuguswa na bwawa la Thwake huko juu Makueni. Bwawa lolote hushika udongo na kubadili saa ya mafuriko, na kwa mlango wa mto uliojengwa na udongo hilo ni jambo la kufuatiliwa mwezi kwa mwezi. Kama hatuna kumbukumbu za miezi ya kabla, tutatofautishaje baadaye kasoro iliyotoka Siberia na kasoro iliyotoka nyumbani?

Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Wapo vijana wa Mida na Dabaso wanaotembeza wageni na wanaowajua ndege hawa kwa mwendo na kwa sauti. Wapo wavuvi wanaojua kichanga kipi hufunikwa mwisho. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 tayari inadai tathmini kabla ya mradi na inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Ninachoomba kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ni sharti moja la ziada kwa mradi wowote unaogusa tope la pwani: ziara ya kila mwezi kwa miezi 12, kila ziara iwe na hesabu mbili, moja maji yakiwa yamepwa na nyingine yakiwa yamejaa, tarehe ya mwezi mwandamo iandikwe pembeni, ndege vijana watenganishwe na wakubwa pale inapowezekana, na karatasi zenyewe, kwa Kiswahili, zibandikwe ofisi ya chifu kabla leseni haijatolewa, ili mvuvi asome kilichoandikwa juu ya mwezi wa Juni na aseme kama ndivyo alivyouona.